Macho ya Kuazima

Nimezaliwa Ulaya. Sentensi hiyo fupi imenigharimu maelezo mengi katika maisha yangu. Nilipokwenda shule ya bweni, na baadaye chuoni Dar es Salaam, kila nilipoulizwa kwetu ni wapi nilijibu kwa ukweli, na kila nilipojibu kwa ukweli nilidhaniwa kuwa nafanya mzaha au najigamba. Mwenzangu mmoja wa bwenini hakunisemesha kwa wiki nzima, akiamini kuwa nimemdharau. Ulaya yetu ni kata katika wilaya ya Kilosa, kando ya barabara itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi. Haina theluji. Ina miombo na mibuyu, mahindi, ufuta, mbaazi, na joto ambalo mwezi wa Novemba humfanya mbwa asahau kubweka.

Wajuzi wa lugha hutuambia kuwa neno Ulaya limetoka katika neno la Kiarabu ambalo ndilo hilo hilo lililotupa wilaya, yaani nchi iliyo chini ya mamlaka fulani. Neno hili lilisafiri sana. Lilifika Uhindi, na huko kitu cha kigeni kilichotoka ng'ambo kikaitwa vilayati. Askari wa Kiingereza waliokaa huko wakalisikia kwa masikio yao mazito, wakarudi nalo kwao katika sura ya Blighty, na kwa jina hilo wakawa wanaitamani nchi yao wenyewe. Basi mtu asemaye kuwa anatoka Ulaya, wilaya ya Kilosa, amelitaja neno moja mara mbili, na hana la kujigamba.

Lakini nyumbani kwetu jina hilo lina shida nyingine. Mdogo wangu wa mwisho yuko Ujerumani mwaka wa 11 sasa. Kwa hiyo mama hulazimika kupambanua. Kwetu ni Ulaya tu, bila ya nyongeza. Aliko mwanawe ni Ulaya ya baridi.

Nataka kueleza habari ya macho ya mama, nami nitaanza na wali.

Mpunga ni tegemeo kubwa katika mabonde ya Kilosa, na mama ni mtu wa kuheshimu mchele. Tangu utoto wangu nilimwona jioni ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyosha, ungo mapajani, akiupeta mchele kisha akiuchambua kwa vidole viwili, chuya huku, mawe kule, kwa upesi wa kuku adonoaye. Hakuna mtu aliyepata kutafuna jiwe nyumbani kwa mama. Jambo hili lilikuwa sehemu ya jina lake kijijini. Basi likizo moja, miaka mitatu iliyopita, nilifika kutoka Morogoro ninakosomesha, nikaandaliwa wali na mbaazi za nazi, na katika tonge la tatu jino langu likakutana na jiwe. Nililimeza. Katika tonge la sita nikakutana na jingine, nalo nikalimeza. Sikusema neno. Dada yangu, aliyeketi upande wa pili wa sinia, alinitazama nami nikamtazama, na kwa kutazamana huko tuliafikiana kumdanganya mama.

Nasema tuliafikiana kumdanganya, ingawa siku ile niliita adabu. Nimejifunza baadaye kwamba uongo wangu wote kwa mama ulianza na mawe yale mawili niliyoyameza kwa heshima.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ugonjwa huu hauna haraka. Kioo kilicho ndani ya jicho huingia ukungu kidogo kidogo, na mwenyewe hudhani kuwa taa ndiyo iliyopungua mafuta au karatasi ndiyo iliyofifia. Mama alizilaumu taa kwa mwaka mzima. Tulipomwambia kuwa matibabu yapo, kwamba kioo kibovu hutolewa na kingine cha kutengenezwa hutiwa mahali pake, na kwamba kazi yote huchukua muda mfupi kuliko kupika maharage, alikataa. Alisema hawezi kumwona mtu akimjia machoni na kisu. Dada akamwambia kuwa kisu hicho hatakiona. Mama akajibu kuwa hiyo ndiyo habari mbaya zaidi.

Upungufu huu ungekuwa mdogo kwa mtu mwingine wa umri wake. Kwa mama ulikuwa mkubwa, kwa sababu mama ni msomaji. Hakupata kwenda shule alipokuwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa yaliyoenea nchini baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kukaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza mafunzo na kufuatisha katika kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mama alikuwa katika kikundi kimojawapo, naye ndiye aliyewasomea wenzake, kwa kuwa alikwisha wapita. Marehemu baba, aliyekata mkonge Kimamba katika ujana wake, alijua kusoma kabla yake. Lakini alipogundua kuwa mkewe anasoma upesi zaidi aliacha kusoma kwa sauti, na nadhani aliacha kusoma kabisa.

Vitabu nyumbani havikuzidi kumi. Kilichochakaa zaidi ni Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Mama anawajua wale wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi yao na kurudi na maarifa, na malipo yao yakawa kifungo. Nimekifundisha kitabu hicho darasani kwa miaka zaidi ya 20, nami hueleza kama vitabu vya mwongozo vielezavyo, habari ya haki na utawala. Mama ana maelezo yake. Husema kuwa wajumbe wale walifanya kosa moja tu, kurudi bila ya kuandika barua kwanza.

Kuandika barua kutoka Ulaya ya baridi ni kazi ya zamani katika lugha yetu, kuliko wanafunzi wangu wanavyodhani. Katika kitabu cha safari za Waswahili kilichochapwa mwaka 1901, Selim bin Abakari aliwaeleza watu wa pwani habari za Urusi na Siberia. Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, aliandika kitabu kizima juu ya mambo waliyoyaona na kuyafanya huko, kikachapwa mwaka uliofuata. Ninapozisoma kurasa za namna hiyo naisikia sauti ya mdogo wangu. Yote hayo ni maneno ya mtu anayewaambia watu wa kwao kuwa baridi ni kali, treni ni nyingi, na mimi ni mzima.

Mdogo wangu hupiga simu kila Jumapili, lakini mama hakubali kuwa maneno ya simu ni maneno. Husema yanapita. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, apatapo msafiri wa kumpa, mdogo wangu huandika barua ya karatasi, kurasa tatu au nne kwa mkono wake. Mama huzihifadhi katika bati la biskuti. Zamani alizisoma peke yake nyuma ya nyumba, kisha ndipo alipotutangazia yaliyomo, kwa mpango alioupenda yeye. Macho yalipoingia ukungu kazi ile ikawa yangu.

Barua iliyoleta maneno ilifika mwezi wa Aprili, 2025. Niliifungua mbele ya mama, chini ya mwembe, baada ya chakula cha mchana. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu, wa pili wa kazi. Katika ukurasa wa tatu mdogo wangu alisema kuwa amechukua uraia wa Ujerumani. Alieleza kwa urefu, kama mtu aliyejibizana na nafsi yake kwa miezi mingi. Wajerumani, tangu Juni 2024, humruhusu mtu kuchukua uraia wao bila ya kuuacha wa kwao; lakini Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika nchi mbili, na ajitwaliaye nyingine kwa hiari hupoteza hii. Amefanya hivyo kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya watoto wake. Kisha akaandika juu ya shamba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimetia mpaka kati ya raia na asiye raia, naye hakutaka kumwingiza mama katika mashauri. Lile shamba la karibu na mbuyu, ambalo mama amelitaja kuwa lake tangu alipokuwa mtoto, apewe dada.

Nililiona hilo kwa macho kabla ya kulifikia kwa mdomo. Mtu aliyezoea kusomea wengine hutangulia mstari mmoja au miwili. Nikaruka. Nilitoka katika habari ya kazi nikaingia katika salamu za mwisho, nikaongeza na sentensi moja yangu mwenyewe ya kuunganisha, iliyokuwa nzuri, kwa maana mimi ni mwalimu wa lugha. Mama alikaa kimya kidogo, akasema barua hii ni fupi. Nikasema karatasi huko ni ghali.

Msomaji atasema nilifanya kwa huruma. Nami nilijiambia hivyo. Mama ana zaidi ya miaka 70, macho hayaoni, na mwanawe wa mwisho ndiye aliyemshika moyo. Kumwambia mchana ule kuwa mtoto huyo si tena mtu wa nchi hii kwa sheria kulikuwa kama kumpiga. Nilipanga kumwambia pole pole, siku nyingine, mahali pengine. Siku hiyo nyingine sikuipanga.

Mama alisubiri nirudi Morogoro. Kisha akamwita mjukuu wa jirani, mtoto wa darasa la nne ambaye kila jioni huja kuchota maji kwetu, akampa barua ile na kipande cha muwa, akamwambia asome kila neno hata asilolielewa. Mtoto alisoma. Nimesimuliwa kuwa neno uraia lilimsumbua, akalitamka mara tatu, na mama akamwambia endelea, bibi yako ameelewa.

Niliporudi mwisho wa mwezi mama alinipokea kama kawaida. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za safari na za watoto. Chakula kilikuwa ugali na mlenda, bila ya kitoweo kingine, jambo lisilo la kawaida mgeni akiwa ni mimi. Nilipomaliza kunawa akasema, kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo:

“Mwanangu, mtoto wa darasa la nne anasoma kuliko wewe.”

Nikafahamu mara moja. Nikaanza kusema nilimhurumia. Akanikatiza.

“Ulificha kwa sababu ya huruma au kwa sababu ya shamba?”

Yafaa nieleze. Sisi Wasagara, kama jirani zetu Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba yale hakuyapata kwa baba bali kwa mama yake na bibi zake. Dada yangu ndiye mwenye watoto wa ukoo ule. Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao. Shamba la mbuyu likiwa la mdogo wangu aliye mbali, mimi ndimi ninayelilima kwa vibarua na kuuza ufuta wake. Likiwa la dada, ni la dada. Sikupata kulifikiri jambo hili waziwazi chini ya mwembe ule. Lakini alipouliza, nilitafuta ndani yangu jibu la upesi, jibu la mtu asiye na hatia, nisilipate. Nikasema, “Huruma, mama.” Nilichelewa kulisema kwa muda ambao mtu hupumua mara moja, na mama, ambaye siku hizo alikuwa akiishi kwa masikio, alikisikia kituo kile.

Hakunilaumu. Alinyamaza, kisha akauliza swali la pili, ambalo sikulitazamia.

“Na siku ile ya kura, ulitia alama wapi?”

Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Asiyeweza kusoma au kuona huruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na mama alinichagua mimi. Aliniambia sikioni analotaka, nikatia alama mahali pale pale, nikaikunja karatasi, nikauongoza mkono wake mpaka katika tundu la sanduku. Naapa kuwa nilifanya alivyosema. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema, “Nasikia.” Hakusema naamini. Na ni kweli kuwa hakuwa na njia ya kuamini wala ya kukanusha. Karatasi ile haina mtoto wa darasa la nne wa kuisoma upya.

Tangu siku ile nimetafakari mara nyingi juu ya kazi ya kuwasomea wengine. Sehemu kubwa ya siasa yetu, toka zamani za wakalimani mpaka leo, ni hiyo: wachache wanasoma, wengi wanasimuliwa. Sheria iliandikwa Kiingereza, na mtu akaieleza kwa Kiswahili kwa mpango alioupenda yeye. Hotuba ilikuwa ndefu, na mtu akaifupisha. Mimi nilikuwa nikiwacheka watu hao darasani. Nilidhani kwamba hufanya hivyo kwa ubaya, na huenda baadhi yao hufanya kwa ubaya. Lakini sasa najua jinsi jambo lenyewe linavyotokea, kwamba jicho hutangulia mstari mmoja, likaona tabu inakuja, na moyo ukajipa jina zuri la huruma kabla mdomo haujafika.

Katika mkutano mkuu wa kijiji mama alikuwa na desturi ambayo vijana waliichekea. Vijiji vyetu kadhaa vya upande huu, Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni miongoni mwavyo, viliingia katika mpango wa mkaa endelevu: msitu wa kijiji hugawanywa vitalu, vichache hukatwa kwa zamu, visiki huachwa vichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka ipite miaka 24 hivi, ushuru huingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia shule na zahanati. Ni fedha ya watu wote, na hesabu yake husomwa mbele ya watu wote. Mama, aliyekuwa akiona, baada ya kusomewa husimama na kuomba karatasi aitazame mwenyewe. Hakupata kukuta kosa. Nilimwuliza zamani kwa nini basi huomba, akaniambia kuwa hakosi kuikuta sawa kwa sababu huomba. Macho yalipofifia aliacha kuomba. Alikaa nyuma, akasikiliza, akapiga makofi pamoja na wengine.

Wiki moja baada ya mazungumzo yetu mama alimwambia dada, si mimi, kuwa sasa yuko tayari kwa kisu. Dada alipomwuliza kilichombadilisha, alijibu kuwa amechoka na macho ya kuazima.

Tulimpeleka hospitali mjini Morogoro. Barabarani, tulipokata mbuga ya Mikumi, ambayo barabara kuu huipita kwa kilometa zipatazo 50, dada alimtajia kila aliyemwona: swala, nyani, tembo wawili kwa mbali. Mama alikuwa akiuliza, “Kweli?” baada ya kila mnyama, na mimi niliyeketi mbele nilijua swali lile linamhusu nani. Jicho la kulia lilifanywa kwanza. Kesho yake waliondoa kitambaa, akapepesa, akatazama mikono yake juu na chini kwa muda mrefu. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba dada amekonda. La pili, baada ya kunigeukia, kwamba nina mvi, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia. Jicho la pili lilifuata baada ya wiki kadhaa, na miwani ya kusomea baadaye.

Nilikuwako siku alipoisoma barua ile mwenyewe. Alikwenda nayo nyuma ya nyumba kama zamani, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kwa kidole chini ya kila mstari. Nilibaki uani, na kwa kuwa sikuwa na kazi, na dada alikuwa kisimani, nikautwaa ungo nikachambua mchele wa jioni. Mama alichukua muda mrefu. Mara moja nilimsikia akicheka peke yake, mara nyingine akipenga kamasi. Aliporudi aliikunja barua, akaitia katika bati, akasema kuwa mwandiko wa mwanawe umeharibika, lakini shamba ameliandika vizuri, na Jumatatu tutakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji tukaliandikishe jina la dada yako, nawe utakuwa shahidi, kwa kuwa unajua kusoma.

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

Kisha aliuvuta ungo kutoka mikononi mwangu, akaishusha miwani kwenye ncha ya pua, akausambaza mchele niliokwisha kuuchambua. Alitoa jiwe moja. Akatoa la pili, na la tatu, akayapanga katika kiganja changu moja moja, kwa vidole viwili.

“Tazama,” akasema, “ulichotaka kutulisha.”